Kucha Ndogo, Magoti Yanayohama: Mwongozo wa Kuishi na NPS

Maswali ya wanaoanza kuishi na NPS, ugonjwa wa kurithi wa kucha na magoti, ni yale yale. Kucha zitaota? Mtoto ataweza kukimbia? Kiwiko kikikandwa kitanyooka? Ni wachache mno wanaoanza kwa kuuliza habari za figo na macho, na kazi kubwa iko huko. Kucha na magoti kila mtu anayaona. Figo huharibika bila kuuma, na presha ya macho haikuambii kitu mpaka imeshapunguza uwezo wa kuona. Kwa hiyo mwongozo huu utakuhimiza zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye kucha, hata kama kucha ndizo zilizokuleta.

Nadharia tuimalize hapa. NPS ni herufi utakazoziona kwenye cheti cha hospitali, kifupi cha Kiingereza cha Nail-Patella Syndrome. Ni ugonjwa wa kurithi wa kucha na pia za magoti (pia ni ule mfupa wa mbele ya goti, wengine huuita kilegesambwa). Huwapata takriban mtu 1 kati ya 50,000. Hitilafu iko kwenye jeni iitwayo LMX1B, katika kromosomu ya 9. Mtoto akiwa tumboni, jeni hiyo ndiyo inayoelekeza upande upi wa mkono uwe wa kucha na upi wa kiganja, na upande upi wa mguu ubebe pia ya goti. Jeni hiyo hiyo inatumika kujenga vichujio vya figo na sehemu ya mbele ya jicho. Ndiyo maana viungo ambavyo havionekani kuhusiana vinaguswa pamoja.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari moja la majibu yote ya vipimo. Karatasi za maabara zilizolegea hupotea.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono, yenye mkanda unaolingana na mkono wako.
- Vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo. Angalia tarehe ya kuisha muda, na ufunge kopo vizuri kila ukitoa kimoja, maana unyevu huviharibu.
- Picha za simu za kucha zote 10 za mikono, magoti kwa mbele, na mikono ikiwa imenyooshwa kadiri inavyoweza.
- Orodha ya ndugu wa vizazi 3: nani ana kucha za namna hiyo, nani alipata ugonjwa wa figo, nani alipofuka ukubwani. Waulize bibi na shangazi. Wao hukumbuka kucha za kila mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Kucha za NPS huwa hivyo tangu kuzaliwa. Gumba ndilo linaloathirika zaidi, kisha hali hupungua kuelekea kidole kidogo. Kucha inaweza kukosekana kabisa, kuwa nusu, kupasuka katikati, au kuwa nyembamba yenye mbonyeo. Tazama ule mwezi mweupe kwenye shina la kucha: kwa wengi una ncha kama pembetatu badala ya upinde. Tazama pia ngozi iliyo juu ya kiungo cha mwisho cha kila kidole, karibu na kucha. Kwa kawaida pana mikunjo hapo. Kwa mwenye NPS ngozi mara nyingi ni laini, haina mikunjo.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutibiwa fangasi. Watu humeza vidonge vya fangasi miezi na miezi, na baadhi ya dawa hizo huelemea ini. Fangasi huanza ukubwani, huvamia kucha moja moja, na mkono wa kulia na wa kushoto havifanani. Ukiambiwa ni fangasi, omba kucha ikwanguliwe na kuangaliwa maabara kabla ya kununua dawa.

Kisha omba eksirei 2: ya magoti na ya nyonga. Kwenye nyonga, takriban watu 7 kati ya 10 wenye NPS wana vipembe viwili vya mfupa vinavyochomoza kuelekea nyuma, kimoja kila upande. Havidhuru, haviondolewi, wala si uvimbe wa saratani. Vikionekana pande zote mbili, jibu limepatikana hata bila kipimo cha jeni. Kipimo cha jeni kipo, ila ni ghali na sampuli mara nyingi husafirishwa nje ya nchi. Kama kucha, magoti na nyonga vimekubaliana, usisubiri jeni ndipo uanze hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Andika karatasi moja ya kutembea nayo

Daktari anaweza kufanya kazi miaka 30 asikutane na mgonjwa wa NPS hata mmoja. Si uzembe, ni hesabu tu. Kwa hiyo beba maelezo mwenyewe, yawe mafupi:

"Nina NPS, hitilafu ya jeni LMX1B. Nina hatari ya ugonjwa wa figo na presha ya macho. Nisipewe dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni bila kuangalia figo. Viwiko vyangu visinyooshwe kwa nguvu, hata nikiwa nimelala kwa dawa ya usingizi. Pia za magoti huhama. Vipembe kwenye mifupa ya nyonga ni vya kawaida kwangu. Kipimo cha mwisho cha mkojo: ... Presha: ... Macho: ..."

Piga nakala 3: moja kwenye pochi, moja kwenye simu, moja kwa mtu wa nyumbani. Ya mtoto ipeleke na shuleni.

Hatua ya 3: Mkojo na presha, kila mwaka bila kuruka

Hii usiicheleweshe. Kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye NPS hufikia kuvuja protini kwenye mkojo. Wanaofika kwenye figo kushindwa kazi ni wachache, takriban 5 katika 100, lakini hakuna njia ya kujua mapema ni nani. Ukubwa wa tatizo la kucha hauelezi lolote kuhusu figo: mwenye kucha karibu nzima anaweza kuwa ndiye mwenye figo mbovu.

1. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujashughulika. Kwa vijana hasa, kusimama na kutembea tu kunaweza kuvujisha protini kidogo isiyo na maana yoyote, na mkojo wa mchana utakutisha bure.
2. Acha tone za mwanzo zipite, kinga za katikati kwenye kikopo safi cha maabara. Si chupa ya soda iliyosuuzwa.
3. Usipime ukiwa na homa, siku moja baada ya mazoezi mazito, au wakati wa hedhi. Majibu yatapanda.
4. Maabara iombe kwa jina: uwiano wa albumini (protini inayovuja) na kretinini (taka ya misuli inayotolewa na figo). Kijiti peke yake huanza kubadilika rangi protini ikiwa imeshakuwa nyingi kiasi. Uwiano hugundua mapema zaidi.
5. Soma jibu hivi. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu 1 ya kretinini, vizuri. Kati ya 30 na 300, figo zinavuja. Zaidi ya 300, usikae nyumbani, tafuta daktari wa figo. Maabara nyingine huandika kwa milimoli, na hapo mpaka ni 3 na 30 badala ya 30 na 300. Watu wengi wameshangilia "12" bila kutazama kipimo kilichoandikwa pembeni.
6. Jibu moja baya halitoshi. Rudia, vipimo 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 vikiwa juu, hapo ni kweli.
7. Pima pia kretinini ya damu. Wenye NPS wengi ni wembamba, misuli ya mapaja na mikono ya juu ni midogo, na kretinini hutoka kwenye misuli. Hivyo damu inaweza kuonyesha figo nzima kuliko zilivyo. Mkumbushe daktari, naye anaweza kuongeza kipimo cha sistatini C, kipimo cha figo kisichotegemea sana misuli, pale kinapopatikana.

Presha ipime ukiwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo. Kiwiko kisiponyooka, kiwekee mto, usijikaze. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, na mikanda mingi ya kliniki ni ya mkono wa mtu mnene. Omba mdogo. Kwa mtu mzima, kama nyumbani inarudi juu ya 135/85 kwa siku kadhaa, nenda kliniki. Kwa mtoto namba hizi hazitumiki. Yake husomwa kwa umri na urefu, kwa hiyo aachiwe daktari.

Protini ikithibitika, kwa kawaida daktari huanzisha dawa kama enalaprili, lisinoprili au losartani, hata presha ikiwa ya kawaida. Watu huziacha wakisema "mimi sina presha." Hazikuletwa kwa ajili ya presha tu, hupunguza msukumo ndani ya kichujio cha figo. Ukianza, rudi baada ya wiki 1 hadi 2 kupima kretinini na potasiamu.

Hatua ya 4: Macho

Mtoto akishaweza kutulia mbele ya mashine, apimwe presha ya macho mara moja kila mwaka, na aendelee maisha yake yote. Kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini namba pekee haitoshi: mshipa wa fahamu nyuma ya jicho uangaliwe pia. Kwa wenye NPS ugonjwa huu huja mapema kuliko kwa watu wengine, hivyo ukiambiwa "wewe bado kijana," toa ile karatasi ya Hatua ya 2. Duka la miwani linalopima herufi za ukutani halijakupima presha ya macho.

Onyo: matone ya macho yenye steroidi, kama deksamethasoni, yanayouzwa kwa ajili ya macho mekundu, hupandisha presha ya jicho. Usiyatie bila daktari wa macho kujua.

Hatua ya 5: Panga dawa ya maumivu kabla ya maumivu

Magoti yatauma, na kwenye duka la dawa utapewa diklofenaki kabla hujamaliza sentensi. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu zote hubana damu inayoingia kwenye figo. Kidonge kimoja hakiui figo. Ni mazoea ya kila siku yanayoua. Anza na parasetamoli: mtu mzima miligramu 500 hadi 1,000, zisizidi mara 4 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize kiwango chake, na wembamba wenu ndio unaofanya hili kuwa muhimu. Jeli ya dawa hizo ya kupaka kwenye goti ni afadhali kuliko sindano, ingawa nayo huingia mwilini kidogo.

Mitishamba ya "kusafisha figo" iache. Baadhi huharibu kile kile inachodai kusafisha, na chupa haina maandishi ya kukuambia umekunywa nini. Ukichomwa sindano hospitali, uliza kama ni gentamisini, antibayotiki inayoweza kudhuru figo, na mwambie muuguzi habari za figo.

Hatua ya 6: Magoti

Pia ya goti kwa mwenye NPS ni ndogo, imekaa pembeni, au haipo. Huhama hasa pale wayo unapokita chini huku kiwiliwili kinageuka. Jifunze kugeuza miguu kwanza, mwili ufuate. Kupanda bodaboda, simama upande ambao mguu dhaifu ndio utakaorushwa juu ya kiti, wenye nguvu ubaki chini, na shika bega la dereva. Ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzuri, kushuka, tanguliza mbovu.

Mazoezi ni ya paja la mbele, kila siku, dakika 15:

1. Kaa sakafuni, mguu umenyooka, kitambaa kilichokunjwa chini ya goti. Kandamiza goti chini mpaka paja likaze, hesabu 5, achia. Mara 10.
2. Lala chali, goti la pili limekunjwa. Inua mguu ulionyooka kiasi cha shubiri moja na nusu, hesabu 5, shusha polepole. Mara 10.
3. Rudia yote mara 3, kisha badili mguu. Usiongeze uzito kabla ya wiki 6.

Kama goti halinyooki lote, fanya mpaka linapofika. Kuogelea ni bora. Baiskeli inafaa, kiti kiwe juu ili goti lisikunjwe sana. Mpira wa miguu wa ushindani na kuruka kamba tunashauri viachwe. Mtoto atalia, lakini mpe nafasi nyingine kwenye timu asikae ndani.

Choo cha kuchuchumaa ni adui wa magoti haya. Stuli ya plastiki iliyotobolewa katikati, au chuma cha kushikia kilichopigiliwa ukutani, hugharimu kidogo kuliko kuteguka. Anayesali anaruhusiwa kukaa kwenye kiti.

Kuhusu upasuaji: usikubali goti au kiwiko kupasuliwa bila picha ya MRI kwanza. Misuli, mishipa ya damu na ya fahamu huenda isipite mahali ambapo daktari amezoea kuikuta.

Hatua ya 7: Viwiko

Kiwiko kisichonyooka au mkono usiogeuka kiganja juu si misuli iliyokaza. Mifupa na ngozi ndivyo vilivyoumbwa hivyo. Kwa wengine pana utando wa ngozi mbele ya kiwiko. Kwa hiyo usimpeleke mtoto kukandwa na kuvutwa. Kitakachopatikana ni mvunjiko. Mhudumu anayechukua damu ya vipimo aichukue kwenye mgongo wa kiganja.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye kiungo kisichokaa sawa. Beba lita 10 mara mbili, au tumia toroli. Nyumbani badilisha vitasa vya mviringo viwe vya mkono.

Hatua ya 8: Kucha na meno

Haziponi na hazina dawa. Zikate fupi baada ya kuoga zikiwa laini, lainisha kingo kwa tupa, paka mafuta ya mgando usiku. Vaa glavu ukifua. Hina haina neno. Piko jeusi lililochanganywa na dawa ya nywele huunguza ngozi, nalo kwenye kucha zilizopasuka huingia ndani. Kucha za bandia za gundi hung'oka na kile kidogo ulichonacho.

Meno nayo: gamba la nje linaweza kuwa jembamba. Daktari wa meno kila miezi 6.

Hatua ya 9: Mimba na watoto

Kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi, mvulana sawa na msichana, toka kwa baba sawa na mama. Kuzaa mmoja mwenye nao hakumkingi anayefuata. Takriban mgonjwa 1 kati ya 8 hana mzazi mwenye NPS; hitilafu imeanza kwake. Ukali wa ugonjwa hautabiriki: mama mwenye kucha tu anaweza kuzaa mtoto asiye na pia za magoti.

Kabla ya kushika mimba, pima mkojo na presha ili pawe na namba ya kulinganisha. Bila namba hiyo, protini ikionekana mwezi wa 7 hakuna atakayejua kama ni NPS au ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na matibabu yake si sawa. Enalaprili, lisinoprili na losartani humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo ongea na daktari zibadilishwe mapema. Kliniki zote presha na mkojo vipimwe, na ujifungulie hospitali yenye upasuaji.

Yakikwama

*Pia ya goti imehama.* Kaa chini, usikubali mtu kulivuta wala kulipiga. Legeza paja, nyoosha mguu mwenyewe polepole. Mara nyingi inarudi. Isiporudi, funga mguu ulivyo na uende hospitali. Ikirudi, barafu ndani ya kitambaa dakika 15, na eksirei ndani ya siku chache.

*Mkojo una povu.* Povu la mara moja ni kasi tu. Likidumu siku 3, pima.

*Kijiti kinaonyesha protini, maabara inasema hakuna.* Tazama tarehe ya vijiti, na kama ulichukua mkojo mzito sana. Amini maabara, rudia mwezi ujao.

*Miguu na uso vimevimba asubuhi.* Usisubiri mwaka uishe. Nenda leo.

*Choo kigumu tangu utotoni.* Ni jambo la kawaida kwa wenye NPS. Maji, mboga, mapapai, na dawa ya kulainisha ukihitaji.

*Vidole vya mikono na miguu ni baridi au vina ganzi.* Nalo huonekana sana. Lakini likianza ghafla au upande mmoja tu, si NPS. Tafuta sababu nyingine.

*Jicho linauma, ni jekundu, na unaona duara za rangi kuzunguka taa.* Hiyo ni dharura ya usiku huo huo, haingoji kliniki ya Jumatatu.